Aliwasomea Kwanza Aliowasema

“Nyumbani kwenu, nani amekasirika?” Ndilo swali la kwanza aliloniuliza. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za maktaba ya chuo pale Westville, kofia ya sufu kichwani ingawa joto la Durban lilitutoa jasho sote, na mkononi ameshika gazeti la wanafunzi lenye makala yangu. Wiki hii amefariki, nyumbani kwa binti yake, si mbali na ngazi zile. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mwandishi wa Kikannada, lugha ya mamilioni ya watu kusini mwa India na ya wachache mno hapa kwetu. Alitoka katika kizazi cha vijana walioona kwamba riwaya za kwao zimewasifu wafalme na miungu vya kutosha, wakaanza kuandika juu ya karani mwenye shaka, mjane anayejibu, kuhani anayeogopa. Kwao jina lake lilivunja urafiki wa watu mezani. Hapa alikuwa mzee anayesubiri gari la binti yake. Nilimwita Anko, kama Durban inavyowaita wazee wote wa Kihindi, naye hakulalamika.

Tangu habari itoke nimesoma rambirambi nyingi kwenye simu. Baadhi zimeandikwa na watu waliowahi kutaka vitabu vyake viondolewe madukani, na sasa wanamwita hazina ya taifa. Siamini kwamba kifo kinamgeuza kila mtu kuwa hazina. Huyu alipenda kusikilizwa kuliko kusikiliza, aliwakatiza watu, na mpiga picha akitokea alijua upande gani wa uso wake ni mzuri. Hata hivyo najivunia kwamba nilimjua, na sababu inaanzia kwenye lile swali.

Makala yangu, niliyoiandika kwa Kiingereza, ilihusu matanga yetu sisi Wakongomani wa hapa. Mnajua yanavyokwenda. Mtu akifa, wanaume hukaa sebuleni na mwenyekiti wa jamaa, wakaamua azikwe hapa au arudishwe nyumbani, nani azungumze, nani aondoke na watoto. Wanawake huwa jikoni. Maamuzi yakikamilika, huletewa habari pamoja na sahani chafu. Nilikuwa nimetoka kwenye matanga ya mama mmoja aliyewaambia rafiki zake mara nyingi kwamba azikwe hapa, karibu na wanawe. Rafiki hao walikuwa wanakoroga sufuria wakati sebule inaamua asafirishwe, na hakuna aliyenyanyuka kusema. Niliandika kwa hasira. Niliandika kwamba wanaume wanaiba sauti, na kwamba wanawake ndio wanaowashikia mlango.

Mmoja wa wanawake hao ni mama yangu mdogo, ambaye sote tunamwita Tantine. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenisomesha kwa kusuka vichwa vya watu katikati ya mji. Nilipompa gazeti, aliangalia picha yangu, akapiga kelele ya furaha, akaibandika makala nzima kwenye kioo cha saluni. Kila mteja aliyekaa kitini alitazamana na maneno yangu, akanipongeza. Hakuna aliyeyasoma; Kiingereza changu cha chuo kiliwashinda. Kwa hiyo Anko aliponiuliza nani amekasirika, ukweli ulikuwa kwamba niliowasema walikuwa wamenipamba ukutani.

Yeye alikuwa na utaratibu wake, na niliushuhudia Chatsworth, mtaa wa Wahindi wa hapa Durban. Chama kimoja cha utamaduni kilimwalika azungumze kwenye ukumbi wao, wakitarajia asifu mila zilizovuka bahari. Hotuba aliyoiandika ilikuwa inawauliza ni wangapi mle ukumbini wangempokea mkwe wa Kizulu, au wa Kikongo kama mimi, binti aliyemsindikiza. Lakini jioni ya kuamkia siku hiyo alinichukua hadi nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, akaomba chai, akamsomea yote, neno kwa neno. Mwenyekiti alipiga meza. “Anko, umekuja kunitukana ndani ya nyumba yangu?” Mzee akajibu, “Ndiyo. Kesho nitakutukana mbele ya watu. Nimeona si adabu uanze kusikia huko.” Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti hakukubali hata sentensi moja, lakini kesho yake ndiye aliyemkaribisha jukwaani, uso umekunjamana, na watu walipoanza kuzomea ndiye aliyewanyamazisha.

Kwenye gari nilimwambia kwamba huo naona ni woga, mwandishi kupeleka maandishi yake yakakaguliwe. Akacheka. “Mimi huwasomea, binti. Siwaombi ruhusa.” Kisha akaniuliza tena swali lake, na safari hii nilijua kwamba nina kazi ya kufanya.

Niliiandika upya makala ile kwa Kiswahili, hiki mnachokisoma, nikaenda nayo saluni mchana wa Jumamosi. Nilikuwa naogopa. Sina mama mwingine katika nchi hii, na nyumba ninayorudi ni yake. Nilisoma nimesimama karibu na mlango. Nilipofika mahali pa wanawake kushika mlango, Tantine aliacha kusuka.

“Ni miye unasema?”

“Ni sisi sote, Tantine.”

“Usiniletee sisi sote. Nani alipika siku ile? Weye ulikuwa wapi? Ulikuwa unaandika!” Akageukia kioo. “Eish! Na miye nilibandika hii kwa kioo! Kumbe nilibandika matusi yangu mwenyewe!”

Mteja aliyesukwa nusu kichwa akasema taratibu, “Lakini Tantine, haidanganye.”

“Weye nyamaza. Kichwa yako iko mikononi mwangu.”

Alilibandua gazeti, akalikunja, hakulichana. Akaniambia nitoke. Kwa muda mrefu baada ya hapo tulisalimiana kama wapangaji. Chakula aliniachia mezani, amekifunika, lakini hakukaa nami. Nilimlaumu Anko kimoyomoyo, nikajiuliza kama ukweli uliomnyima mtu mama yake una faida gani. Bado najiuliza.

Kisha akafa dada mmoja wa kwaya yetu, na matanga yakawekwa kwenye nyumba moja Pinetown. Sebule ilikuwa imeshaanza kuamua. Tantine aliweka mwiko, akafuta mikono, akaingia, akavuta kiti, akakaa katikati ya wanaume. Mwenyekiti wa jamaa akamuuliza, “Mama, kuna shida ya chakula?”

“Chakula iko jikoni. Miye niko hapa.”

Hakusema zaidi hadi walipofika kwenye mambo ya watoto. Hapo aliwaeleza marehemu alitaka walelewe na nani, akabaki amekaa mpaka wakakubaliana. Nilipomsimulia Anko, alipiga makofi, kisha akaniuliza mimi nilikuwa wapi wakati huo. Jikoni, nikamwambia. Ugali haukuwa na mtu wa kuusonga.

Watu wanabishana sasa kuhusu urithi wa mzee huyu: kitabu gani ni bora, alikuwa mzalendo au msaliti. Mimi nimebakiwa na utaratibu wake tu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, nami naongeza kwamba kata huijua kwa sababu hulowa. Ukitaka kuwasema watu wako, waseme kwa lugha watakayoweza kukujibu, na wape nafasi ya kukujibu usoni kabla dunia haijakusifu. Hilo halihakikishi kwamba uko sahihi. Tantine mpaka leo anawaambia wateja kwamba nilimtukana, na safu hii nimemsomea yeye kwanza. Alisema nimezidisha mahali pa kichwa cha mteja. Nimepaacha kama palivyo.

Kuna jambo moja sikulijua miaka yote ile, nikidhani utaratibu wake ni falsafa aliyoitoa vitabuni. Juzi, kwenye maombolezo, binti yake alinisimulia. Bibi yake, mama wa mwandishi, hakujua kusoma. Kitabu cha kwanza cha mwanawe kilimsema yeye na nyumba yake, na kabla ya kukipeleka kwa mchapishaji mwanawe alimsomea chote jikoni, siku baada ya siku. Siku moja mama aliinuka katikati ya ukurasa, akatoka. Usiku alimwekea mwanawe chakula, akamwambia, “Kesho uanzie pale nilipoondoka.”