Pumzi Haichukui Nafasi ya Kidonge

Kuna siku moja ya vita haijanitoka, mwanangu, na leo imenirudia na hasira. Nakuandikia kwa sababu mdomo ungekutukana. Shule yangu ni ndogo, nikikosea, unisahihishe.

Tulikuwa tumekimbia Kindu, tumejificha porini upande wa Kailo: mie, bibi yetu, na mdogo wangu Sifa, mama yako, akiwa bado msichana. Bunduki zikilia, bibi alitulaza chini. “Vuta kwa pua. Toa pole-pole kwa mdomo, kama unapoza chai.” Moyo ulitulia kweli. Nikajiona muganga.

Kisha Sifa akashikwa na kifua. Homa kali, mbavu zinaingia ndani akivuta hewa. Ng'ambo ya kijito alikuwa Mzee Ramazani, muuguzi, mkimbizi kama sisi, na dawa kidogo mfukoni. Sikumwita. Bibi alikuwa ameenda kuchimba mihogo. Nikamkalisha Sifa asubuhi nzima, namhesabia pumzi, namkaripia akikosea.

Bibi aliporudi alimbeba mgongoni, akavuka naye kijito, nami nyuma yao. Mzee Ramazani alimpa dawa, ndipo akanigeukia.

“Weye muganga mukubwa, unamufundisha kupumua mutoto mwenye anakosa hewa?”

“Siku ile ya masasi, bunduki zikilia, ilisaidia, mzee.”

“Ilisaidia woga. Ukitoa pumuzi pole-pole, moyo inapunguza mbio, mishipa inalegea. Ile njo kazi yake. Ugonjwa yenye iko mu mapafu haisikie hesabu yako.”

Sifa alipona. Si kwa akili yangu.

Sasa nasikia umemfichia mama yako vidonge vya tansio, ile presha ya damu, eti mwalimu wenu wa kupumua amesema pumzi peke yake inatosha. Nisimuonee huyo bwana: nilikaa kwenye darasa lake, mabega yangu yakashuka, nikalala vizuri. Lakini kumwambia mgonjwa aache dawa, hapo amekosa, na wewe umekosa zaidi, maana ni mama yako. Unasema anajisikia vizuri. Tansio haipigi kelele, mwanangu. Labda nakasirika hivi kwa sababu najiona mwenyewe pale porini. Hata hivyo nimekasirika.

Kesho asubuhi mrudishie vidonge vyake, na kikombe cha maji, umuombe radhi. Umpeleke kwa muuguzi akapimwe. Mkirudi, kaeni mupumue pamoja. Nitakuja nipumue nanyi.

Mungu akuachie mama yako mpaka umuone amezeeka, na pumzi yake iwe ndefu.