Ufa Nyuma ya Jiko la Bibi

Hadi leo, nikisikia harufu ya mgomba uliokatwa mvua za kwanza zikinyesha, miguu inaniwasha, jamani, nataka kukimbilia mlimani! Kwetu Kamuli mvua hizo zilikuwa sikukuu ya watoto. Mimi na binamu yangu Asimwe tulichuna magamba mapana ya mgomba, tukapanda mteremko ulio juu ya nyumba ya Bibi, tukayakalia na kujiachia. Nyasi zilikuwa zimelowa, upepo ulijaa masikioni, na tulifika nyuma ya jiko lake tukipiga kelele, matope hadi puani.

Siku ya tatu, huko juu, mguu wangu ulizama ardhini hadi kwenye kifundo. Niliuchomoa bila kandambili. Tukatazama vizuri: ufa ulikuwa umekata mteremko upande hadi upande, na juzi haukuwepo.

"Tumwambie Bibi," alisema Asimwe.

"Akijua tu, mchezo umekwisha." Kisha nikaongeza kwa sauti ya mwalimu wetu: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta!"

Basi tukaziba. Tulibeba nyasi za kutandaza kibanjani, kwenye shamba la migomba, tukazishindilia kwa miguu, nikajiona fundi mkubwa. Nyumbani nilisema kandambili imechukuliwa na maji.

Kesho yake asubuhi Bibi alipanda na fimbo yake kufunga mbuzi malishoni. Alishuka mbio, yeye ambaye hata kengele ya kanisa haikuwahi kumharakisha, akaja moja kwa moja kwetu, ng'ambo ya bonde.

"Mlima umepasuka," alimwambia mama. "Leo ninahamia hapa. Hata sufuria lisibaki kule!"

Tulibeba godoro, kuku, mitungi, mbuzi, kasha lake la nguo, tukicheka kama tunakwenda arusini.

Alasiri mvua ikarudi. Tukiwa barazani tukaona migomba ya Bibi ikitembea, imesimama wima. Nilishangilia! Nilirukaruka na kupiga makofi mpaka udongo ukafika jikoni, ukafunika nyumba nzima, na makofi yakaniishia mikononi. Bibi alinishika bega akasema tu, "Mlima hauanguki bila kuaga."

Tangu hapo, kila mvua zilipoanza, alinikabidhi fimbo yake nikakague mteremko kabla mtoto yeyote hajapanda: kama kuna ufa, kama mti umeinama, kama chemchemi imeanza kutoa maji ya tope. Nilitamba na cheo hicho kijiji kizima. Niliamini Bibi ameniona nina akili kuliko wajukuu wote, na Asimwe alininunia mwezi mzima.

Mwaka jana, baada ya kumzika, tulifungua kasha lake. Chini kabisa ya kanga kulikuwa na kandambili moja ya bluu, ya mtoto, mguu wa kushoto, udongo umekaukia kwenye mikanda.

Kumbe alijua tangu asubuhi ile ya mbuzi. Fimbo iliyonistahili mgongoni, alinitia mkononi.