Ukubwa wa Dakika Ishirini na Tano

Mkunga huyu mstaafu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakupenda kusahihishwa. Kwa miaka thelathini na minne alizalisha, akaandika, akatia sahihi, na anavyosimulia mwenyewe, hakuna daktari aliyethubutu kumrudishia daftari. Kwa hiyo ofisi ya rejista ya mapacha ilipomwita awasaidie kusoma madaftari ya zamani ya wodi za wazazi, alikuja na jozi mbili za miwani na kidevu juu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara: meza tatu, feni inayozunguka pale inapojisikia, na magunia ya madaftari kutoka hospitali za nchi nzima. Kazi ilikuwa kuwatafuta mapacha wote, kuwaomba wakubali kuandikishwa, kisha kuwafuatilia mwaka hadi mwaka ionekane nani kapata kisukari na mwenzake hana, nani ana presha, nani macho yamefifia mapema. Daktari wa utafiti alipenda kueleza kwamba watu wawili waliotoka tumbo moja siku moja wanaweza kutuonyesha magonjwa tunayozaliwa nayo na yale tunayoyafuata kwa miguu yetu wenyewe. Alitaka kila kitu, hata nani alitangulia kutoka, maana wa pili mara nyingine hupata shida ya hewa njiani.

Sista, kama kila mtu alivyomwita, alikaa hapo akisoma miandiko ya kuku ya wenzake. Madaftari ya wodi yake mwenyewe hakuwa ameyagusa. Yalikuwa yameshaingizwa kwenye kompyuta kabla hajaajiriwa, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka vizuri mno hata hakuna aliyehitaji kumuuliza. Jambo hilo alilitaja kila walipokunywa chai.

Asubuhi moja karani wa kompyuta akaanza kucheka peke yake. Akasema mapacha wa wodi ya Sista ni wavivu ajabu. Wa hospitali nyingine wanafuatana kwa dakika, ila kwake kuna jozi kumi na moja zilizopishana saa tano na zaidi, kama vile mmoja alipitia sokoni kwanza. Sista akamwambia akaiangalie vizuri hiyo mashine yake. Karani akamfungulia daftari lenyewe.

Katika jozi mojawapo, mtoto mmoja alizaliwa 12.40, mwingine 7.05. Kompyuta iliona saa saba mchana kasoro dakika ishirini, ikaona na saa moja na dakika tano asubuhi, ikamtanguliza yule wa asubuhi. Lakini 12.40 ile ilikuwa mwandiko wa Sista, alipokuwa anamaliza zamu ya usiku: saa kumi na mbili na dakika arobaini, jua limeshachomoza. Na 7.05 ilikuwa ya mwenzake aliyempokea zamu, aliyeandika kwa saa za kizungu kama walivyoagizwa wote. Matroni alikuwa amemkumbusha Sista agizo hilo mara tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba Sista hawezi kubishana na jua. Kati ya watoto wale zilipita dakika ishirini na tano tu, na wa kwanza alikuwa wa Sista.

Sista akavua miwani, akavaa ile nyingine. Maandishi hayakubadilika.

Kungekuwa na karatasi peke yake, angerekebisha yakaisha. Lakini jozi ile ilikwisha kuandikishwa mwezi uliopita na kupewa kadi, mmoja WA KWANZA na mwingine WA PILI, na siku hiyohiyo walikuwa kwenye korido wakisubiri kupimwa presha na kutoa mate ya maabara. Akatoka kwenda kuwaona.

Walikuwa wanawake wa miaka hamsini na mmoja, sura moja mara mbili. Mmoja, mwalimu, alisimama kwenye foleni na fomu za wote wawili. Mwenzake, fundi cherehani, alikaa kwenye benchi amenyoosha miguu, anakunywa maji taratibu. Walimwamkia, naye akaketi karibu na fundi, akamuuliza kadi zilipokelewaje nyumbani.

Fundi hakuhitaji kubembelezwa. Alieleza kwamba maisha yake yote yeye ndiye alikuwa mkubwa. Mama yao alipofariki wakiwa na miaka kumi na minne, aliyeambiwa "wewe ndiye mkubwa, waangalie wenzako" ni yeye. Akaacha shule, akakalia cherehani, akawasomesha wadogo zake wanne, pacha mwenzake akiwa wa kwanza. Kila msiba, kila ugomvi wa ndugu, kila simu ya alfajiri ilianzia kwake. Alijikaza kisabuni, na watu wakadhani hana mzigo. Halafu kadi ikasema yeye ni mdogo.

"Nilidhani nitakasirika," akasema. "Nikalala mpaka saa tatu asubuhi, Bibi. Tangu mama afe sijawahi kulala hivyo."

Tangu siku hiyo simu zote zilihamia kwa mwalimu. Hata mjomba wao mgonjwa sasa alilala kwa mwalimu.

Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote: kompyuta imeshasema, fundi amepumzika, na jina la Sista linabaki safi. Hilo la mwisho ndilo lililomwamsha. Aliona haya. Ubishi alikuwa nao, ndiyo, lakini uongo hakuwahi kuuandika kwenye daftari la mtu, na hakutaka kuanza uzeeni.

Akamwita mwalimu asogee. "Wanangu, kadi zenu zina kosa, na kosa ni langu." Akawaeleza habari ya zile saa za aina mbili, polepole, hakujitetea.

Fundi aliitazama kadi yake. Akafunga chupa ya maji. Akakunja miguu, akasimama, akanyoosha mkono kwa pacha wake.

"Haya. Lete hizo fomu."

Ilimuuma Sista kuona ule mkono ulivyokuwa tayari. Mwalimu hakuziachia fomu.

"Kaa, dada."

"Umesikia alivyosema Sista."

"Nimesikia. Kwenye kompyuta waandike ukweli. Dakika ishirini na tano tu, dada, na umezibeba miaka hamsini na moja. Sasa kaa, nibebe mimi."

Fundi alibaki amesimama kwa muda, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakifuata. Kisha akakaa.

Sista akarudi ofisini, akamwambia karani, kwa kinywa chake mwenyewe, aandike sita na dakika arobaini kwa saa za kizungu. Karani alikuwa na utani mdomoni. Akamtazama usoni, akauacha. Wakarekebisha jozi zote kumi na moja, na Sista akatia sahihi pembeni ya kila moja.

Alipopeleka kadi mpya koridoni, fundi alikuwa amelala palepale kwenye benchi, kichwa ukutani, mdomo wazi. Mwalimu aliweka kidole midomoni. Akazipokea kadi zote mbili, akasoma ya dada yake, akaziweka kwenye mkoba wake.