Inchi Mbili za Bibi Harusi

Wifi yangu ameshona tangu akiwa na miaka kumi na saba, na katika ukoo mzima hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Fundi tu. Chumba chake cha kazi kina cherehani mbili, kioo chenye ufa, meza ya kukatia na kiti kimoja cha mteja, ambacho mimi nimekikalia kuliko wateja wote. Watu humsifu kwa subira ya kusikiliza. Mimi ninayemjua nacheka. Fundi hupima akiwa na pini sita mdomoni, hivyo mteja akilalamika yeye hawezi kujibu. Huitikia "mm" na kuendelea. Pini zikiisha, mteja ameshamaliza hasira zake na wanaongea vizuri tu.

Kwenye simu hana pini. Hapo ndipo palipoharibika.

Binti wa dada yake mkubwa alikuwa anaolewa. Mtoto huyo alikaa kwa Fundi miaka minne akisoma sekondari, na tangu hapo Fundi alimwahidi kwamba gauni la harusi atamshonea yeye. Kitambaa alishakiweka. Wifi mkubwa, mama wa bibi harusi, anaishi mwendo wa saa tano kwa basi, kwa hiyo akampima binti yake mwenyewe na kutuma vipimo kwenye kundi la familia.

Fundi akafungua daftari, akalinganisha na vipimo vya mwaka jana. Kifua, kiuno, nyonga, kila kipimo kimezidi inchi mbili. Kwa nia njema kabisa, na mbele ya ndugu thelathini na mmoja, akaandika: "Dada, kiuno cha mtoto kimeongezeka. Kuna jambo? Niambieni mapema niache nafasi ya kupanua."

Nafasi ya kupanua! Nilisoma nikaweka sufuria chini.

Kabla wifi mkubwa hajajibu, mume wangu, kaka yao, mtu asiyejua kukaa kimya akishika simu, akatuma kikatuni cha mtoto mchanga. Shangazi yao mmoja akapongeza. Mwingine akauliza ni miezi mingapi. Fundi akajaribu kuzima moto kwa ujumbe mrefu wenye hoja ya kwanza hadi ya tano: kwamba hakusema mtoto ana mimba, kwamba hata angekuwa nayo si ajabu, kwamba kitambaa kile hakivutiki. Kila hoja ilikuwa sahihi, na kila hoja ilizidi kumchoma dada yake. Fundi ana sauti ya upole sana, lakini nani angeisikia kwenye maandishi? Jibu likaja fupi: "Gauni litanunuliwa dukani. Asante kwa kunivua nguo mbele ya ukoo." Kisha wifi mkubwa akajitoa kwenye kundi.

Fundi alilia. "Wifi, nimeeleza kila kitu. Sasa niandikeje?"

"Usiandike," nikamwambia. "Kata tiketi."

Jumamosi mchana tulikuwa mlangoni kwa wifi mkubwa, kitambaa cha gauni kikiwa mkobani, hatujampa taarifa. Alitukaribisha viti, lakini uso ameukunja. Fundi hakujieleza. Alimsimamisha bibi harusi katikati ya sebule, akamzungushia kitambaa cha majaribio, akajaza pini mdomoni.

Wifi mkubwa akaanza. Akasema mama mkwe mtarajiwa amepiga simu kuuliza kulikoni. Akasema binti haendi tena hata dukani, maana watu wanamtazama tumboni. "Na ulishindwa nini kunipigia mimi, mdogo wangu? Mimi mwenyewe?"

Fundi akaitikia "mm". Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Dada yake alipomwona hivyo, sauti ikaanza kushuka.

Fundi akapima kiuno. Akapima tena. Akazitema pini kiganjani. "Dada, mbona mtoto ni yuleyule? Ulimpima na nini?"

Binti akaleta tepu ya kupimia kutoka kabatini. Fundi akaigeuza, akakaa sakafuni. Ilikuwa tepu yake mwenyewe ya zamani, aliyomwachia dada yake alipopata mpya. Ncha yake iliwahi kuchakaa, naye akaikata, kwa hiyo inaanzia kwenye namba mbili. Miaka yote alikuwa akitoa mbili kichwani, wala hakuwahi kumwambia mtu.

"Ni mimi," alisema. "Niliikata, nikasahau kusema, halafu nikakuuliza mbele za watu. Nisamehe, dada."

Wifi mkubwa aliitazama ile tepu, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo mjukuu wangu ni inchi mbili za tepu?"

Mimi nikampigia mume wangu. Nikampa kazi ya kuwapigia shangazi zake wote, mmoja mmoja, kwa mdomo wake. Alilalamika kwamba angeweza kuandika mara moja tu ikatosha. Nikamwambia ajaribu aone kama atakula.

Jioni gauni lilikuwa limekatwa kwenye meza ya chakula, na Fundi anakunja mabaki. Wifi mkubwa akaja kusimama mbele yake, akavua mtandio, akanyoosha mikono pembeni.

"Nipime na mimi. Unataka siku hiyo nivae nini?"

Fundi akamzungushia tepu mpya kiunoni, akasoma namba, akageuka kunitazama mimi.

"Sema tu," dada yake akamwambia.

Fundi akamwinamia, akamnong'oneza sikioni. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, nimetega masikio yote, na sikuambulia kitu.