Gari la Mwalimu Lililochemka Mlimani

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu alifundisha kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja. Tangu astaafu, gari lake lilikuwa likirudia somo hilo mlimani, mbele za watu, bila kuombwa.

Lilikuwa gari la zamani, rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mkewe, ambaye wote walimwita Mama, aliliita Mke Mwenza. "Kila asubuhi linanyweshwa kabla yangu," alisema, "na bado linatoa povu." Mara ya mwisho lilichemka katikati ya mlima wakienda harusini. Mama akamalizia safari kwa miguu, viatu mkononi, kilemba kimelowa mvuke, na alipofika akaulizwa kama zamu yake ya jikoni imekwisha. Hakulipanda tena. Miezi saba sasa.

Kumbe huko huko ng'ambo ya mlima ndiko binti yao alikojifungulia. Mjukuu wa kwanza, na safari ilikuwa Jumamosi.

"Mimi napanda basi," Mama alisema, akikunja nguo za mtoto. "Wewe njoo na Mke Mwenza wangu. Ukiwahi, utamkuta mjukuu anatambaa. Ukichelewa, njoo na posa."

Mwalimu alikuwa na hoja nzuri kuhusu shinikizo la mvuke, lakini miaka arobaini ya ndoa ilimfundisha kwamba hoja nyingine ni za kukaa nazo. Alichotaka ni kidogo tu: kufika kwa wakwe na mkewe ubavuni, si kupokewa naye mlangoni kama mgeni.

Ijumaa asubuhi akamwita Sufuri. Huyu alikuwa fundi mwenye kipara safi, na wateja waliamini jina limetoka hapo. Ukweli ni kwamba alilipata kidato cha pili, katika jaribio ambalo yeye hakulisahau na Mwalimu hakulikumbuka.

Walifungua rejeta bandani. Yakatoka maji mekundu ya kutu, mazito kama uji. Wakaisukumia maji kwa mpira wa bustani, kutoka chini kwenda juu, mpaka maji yakatoka yakiwa hayana cha kuficha. Mipira miwili iliyopasuka wakaibadilisha, mkanda wa feni wakaukaza. Ikabaki themostati, kidude cha shaba kinachofunga njia ya maji, chenye kifundo cha nta upande mmoja. Nta ikipata joto inavimba, mlango unafunguka, maji yanakimbilia kwenye rejeta kupoa.

Ili kukipima, wakakitia kwenye sufuria jikoni.

"Hiyo ya maziwa!" Mama aling'aka.

"Tumeiazima kwa ajili ya sayansi."

"Sayansi haina vyombo vyake?"

Lakini alisogea. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikafunguka taratibu kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo.

"Kwa hiyo kinachosikia joto ni hicho kifundo?" aliuliza.

"Ndicho hasa!" Mwalimu alisema kwa furaha. Katika nyumba ile hakuwa amepata mwanafunzi msikivu kiasi hicho.

Mama akawafuata hadi bandani. Sufuri alikishika kidude juu ya mdomo wa injini, akasita.

"Kifundo kitazame wapi, Mwalimu?"

"Juu, kwenye rejeta. Kama siku zote. Kama nilivyowafundisha."

"Sawa, Mwalimu."

"Ngojeni kwanza," Mama alisema. "Moto uko wapi?"

"Kwenye injini."

"Basi mlinzi wa moto mmemlaza chumba cha baridi, halafu mnashangaa nyumba inaungua yeye anakoroma?"

Mwalimu akamtazama Sufuri. Sufuri akayatazama mabati.

"Ulijua?"

"Mwalimu, magari ya watu wote kifundo nakielekeza kwenye injini."

"Na langu?"

"Lako nalifunga ukiwa umenisimamia."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Mwalimu. Kidato cha pili. Nilichora kifundo kikitazama injini, nikapata sufuri. Darasa zima likanibatiza."

Mwalimu akaingia ndani, akarudi na daftari lake la kufundishia, limefungwa kwa uzi. Mchoro ulikuwepo, nadhifu, na kifundo kilitazama juu. Akakumbuka na sababu: chini ya mchoro hapakuwa na nafasi ya kuandika maelezo ya kifundo, akakigeuzia juu.

Alisimama na aibu yake kwa muda unaostahili. Kisha akasema, "Kigeuze," na akatoa kalamu nyekundu mfukoni, kwani mwalimu hustaafu kazi, si kalamu. Kwenye ukurasa ule ule akaandika kumi juu ya kumi, akauchana, akampa fundi.

"Miaka yote hiyo," Mama alisema, "nimekuwa nikimwonea mke mwenzangu."

Jumamosi alipanda gari. Alivaa viatu bapa, na dumu la maji alilibana miguuni, kwa sababu kuamini ni kuzuri, ila kuamini ukiwa na dumu ni kuzuri zaidi. Mlimani walipita pale Mama alipovulia viatu. Mshale wa joto ulisimama katikati, ukagoma kwenda popote. Kileleni Mama akafungua dumu, akanywa yeye maji yale, akampitishia mumewe.

Mkwe wao aliwapokea getini, akaiinamia boneti kwa wasiwasi. "Baba, leo halikuchemka?"

Mwalimu akavuta pumzi ndefu, ya dakika arobaini za kipindi.

"Muulize fundi," akasema, akaitoa pumzi yote, akaelekeza kidole kwa mkewe bila kugeuka.

Mama hakusikia. Alikuwa amekwisha kuingia ndani, na mjukuu alikuwa mikononi mwake.