Kiti Kilichopimwa kwa Mayai

Kosa nililoanza nalo ni kwamba niliiandaa pikipiki kwa ajili ya barabara, nikajiandaa mwenyewe kwa ajili ya mvua, na sikumfikiria hata kidogo mtu mwenye bunduki aliyesimama katikati ya barabara hiyo. Miaka hii ya hamsini, ya Hali ya Hatari, kati ya Ruiru na Thika, mtu huyo ni wa hakika kuliko mvua. Nilimwona kila wiki. Nilimwonyesha pasi yangu ya ruhusa ya kusafiri, nikapita, nikamsahau. Akili yangu ilikuwa kwenye springi.

Nieleze kwa nini. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa. Uchungu ulimshika mke wangu mchana, tukiwa katika laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa nje ya Ruiru, ambako nilikuwa nikiangalia mashine ya kumenya kahawa. Treni ilikuwa imeshapita. Lori la shamba lilikuwa Nairobi. Tulimlaza kwenye mkokoteni, mimi na jirani, tukausukuma kuelekea hospitali Thika. Tulipofika, muuguzi alimsikiliza tumboni kwa muda mrefu mno. Alikunja mikono ya gauni lake, akaniambia nitoke nje.

Mke wangu alipopata mimba tena nilinunua pikipiki. Ilikuwa ya Kiingereza, silinda moja, kama ilivyotoka kiwandani: gurudumu la nyuma halikuwa na springi, kiti kilikuwa cha mtu mmoja, na matairi yalikuwa ya watu wenye lami. Msimamizi wa shamba aliyeniuzia, Mzungu, alikuwa anarudi kwao, akaniachia pia rundo la magazeti ya pikipiki ya Kiingereza. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilifundishwa na magazeti hayo, na kamusi, na tabia ya kufungua kitu kizima kisha kukaa chini nikilia kwa sababu kimekataa kufungika.

Hofu yangu ilikuwa kama njaa. Nikiilisha kitu kimoja, inataka kingine. Nilikuwa na miezi michache ya kuifanya pikipiki ile impeleke mwanamke mwenye uchungu mpaka Thika bila kumtikisa, katika majira ya mvua, na sikuamini kwamba mtu kama mimi anaweza kumaliza jambo lolote bila kulikosea.

Nilianza na matairi, na hapo sikukosea. Nilitafuta yenye meno marefu, kwa sababu karibu na Juja udongo mweusi ukilowa hushika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Baada ya matairi, kiti. Nilichonga ubao, nikauwekea pamba juu, nikaufunga nyuma yangu. Lakini nitajuaje kama unafaa? Sikutaka kumjaribu mke wangu. Nikaweka mayai kwenye kikapu, nikakifunga juu ya kiti, nikaendesha mpaka njia panda ya reli na kurudi.

Mke wangu alitoka mlangoni akishika kiuno. "Yamepona mangapi?"

"Matano yamepasuka."

"Basi mimi ni la sita."

Nilijaribu springi za kitanda cha zamani. Ziliyarusha mayai juu kama bisi kwenye sufuria, na nikarudi na uji wa njano mgongoni. Majirani walianza kunisubiri barabarani. Mmoja aliniuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama kuku wangu ameomba kupelekwa matembezi. Mke wangu aliacha kucheka mapema kuliko wao. "Utamaliza mayai ya Ruiru nzima," alisema, "na bado hutapanda pikipiki hiyo ukiwa na amani."

Mwisho nilipata tyubu ya lori, nikaikunja mara mbili chini ya blanketi. Nilipoijaza upepo mwingi, mayai yalipasuka. Nilipoijaza nusu, mpaka ikawa laini kama shavu, mayai yote yalirudi mazima. Nilirudia safari ile hata mvua iliponyesha. Mazima. Mke wangu aliyachukua akayakaanga, na jioni ile tulikula bila kuzungumzia mkokoteni.

Ningeacha pale. Matairi na kiti vilitosha. Niongeze na vikanyagio vya miguu yake, nilivyovitengeneza kwa vipande vya bomba. Lakini katika gazeti moja niliona kwamba waendeshaji wa mashindano hugeuza gia zao, ya kwanza ikawa ya kuinua kwa mguu badala ya kukanyaga. Sikuwa nashindana na mtu. Niligeuza zangu. Kisha nikavisogeza vishikio vya klachi na breki karibu na usukani, mpaka vikalingana na vidole vyangu na si vya mtu mwingine. Kila nilichogeuza kilinipa usingizi wa siku moja.

Halafu nikahamia kwenye mavazi. Miwani ya vumbi, buti, glavu za ngozi. Likabaki koti. Baridi ya asubuhi kule kwetu, pikipiki ikiwa mbioni, hupenya mpaka kwenye meno, na niliogopa mikono yangu itatetemeka siku hiyo. Katika mtaa wa Majengo, Thika, alikuwapo mzee aliyerudi kutoka vita vya Burma, na alikuwa na koti la jeshi, zito, refu, lenye kola ya kufunika masikio. Aliniuzia. Nilifika nalo nyumbani nimelivaa, nikijiona kamili kwa mara ya kwanza.

"Livue hilo," mke wangu alisema.

"Kwa nini?"

"Unafanana na wale wapiganaji wanaotafutwa msituni."

"Ni koti la baridi tu."

"Askari atajuaje? Utamwambia alipime kwa mayai?"

Nilimjibu kwamba nina pasi, kwamba ninajulikana, kwamba yeye hajui baridi ya barabarani. Yote matatu yalikuwa kweli. Nililitundika msumarini, karibu na mlango, tayari.

Uchungu ulikuja baada ya chakula cha mchana, mvua ikinyesha. Nilivaa buti, nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikafuta miwani, nikaifuta tena. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mkono mmoja juu ya kiti.

"Unaenda harusini?" aliuliza. "Twende!"

Pikipiki ilienda vizuri. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu kila nilichokiogopa hakikutokea. Tope la Juja lilitushika na matairi yakajitoa. Mashimo yalipita chini yetu na sikumsikia akilalamika. Uchungu ulipomjia alilishika koti langu kwa ngumi zote mbili, na ulipomwachia aliweka paji la uso mgongoni mwangu. Nilianza kuamini.

Kwenye kizuizi cha daraja la Ndarugu walikuwapo askari wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Sikuwajua. Walionijua walikuwa zamu nyingine.

"Simama! Zima! Mikono juu!"

Yule mfupi hakuiangalia pasi niliyoishika hewani. Aliangalia koti.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nimelinunua, afande. Majengo."

"Kwa nani?"

Jina la mzee nililijua vizuri. Nilijua pia kwamba nikilitaja, jioni hiyo askari watamgongea mlango. Nikasema simjui.

"Humjui mtu aliyekuuzia koti la serikali?" Alinivua koti mwenyewe, akanichuchumaza kwenye tope, mikono kichwani. "Utamngoja inspekta. Anapita jioni."

"Afande, mke wangu—"

"Nyamaza!"

Mke wangu alishuka kwenye pikipiki polepole. Alimwendea yule mrefu. "Afande, una watoto?"

"Ninao, mama."

"Mimi sina hata mmoja. Wa kwanza alifia kwenye njia hii hii. Huyu mweke hapo mpaka jioni, mweke hata mwaka, mimi simhitaji sasa hivi. Nahitaji pikipiki."

Yule mrefu alicheka. Kisha uchungu ukamjia mke wangu, akashika usukani akainama, akatoa sauti, na askari akaacha kucheka.

"Nani ataiendesha?" mfupi aliuliza.

"Mimi," mrefu alijibu. "Niliendesha pikipiki ya barua kule Embu." Alimpa mwenzake bunduki.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Aliketi, akawasha, akakanyaga chini kama mtu yeyote anayejua pikipiki angekanyaga. Pikipiki ikaruka, ikazima. Mke wangu, aliyekwisha kupanda nyuma yake, alitupwa nyuma, akamshika mshipi.

"Gia zimegeuzwa, afande!" nilipiga kelele. "Ya kwanza ni kuinua! Usikanyage!"

"Nani amezigeuza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Alijaribu tena, lakini vidole vyake vilikuwa vinene, na klachi niliyoisogeza kwa ajili ya vidole vyangu ilimponyoka. Ikazima tena. "Ai, ndugu yangu," alisema, bila hasira, "umeharibu kitu kizuri." Mke wangu hakuniangalia. Mara iliyofuata ikashika, wakaondoka wakiyumba, wakavuka daraja. Nilisikia injini ikipanda mlima kwa gia isiyo yake, ikilia kama mnyama, kisha mvua ikaifunika.

Sijui nilichuchumaa pale kwa muda gani. Miguu ilikufa ganzi, nikaanguka kando, nikainuliwa kwa buti. Koti langu lilikuwa limekunjwa juu ya mifuko ya mchanga, ndani ya kibanda, mvua haikulifikia. Mimi nilikuwa na shati. Akilini nilimwona mke wangu ameanguka Juja, ingawa Juja tulikuwa tumeipita. Nilimwona kwenye mtaro. Nilimwona kwenye mkokoteni. Nilitaka kutaja jina la mzee, na nakiri hapa kwamba nililitaja. Nililisema kwa sauti ndogo, na mvua ilikuwa kubwa, na yule mfupi alikuwa ameingia ndani kuwasha sigara. Hakuna aliyelisikia. Lakini mimi nililisikia.

Yule mrefu alirudi na pikipiki kabla ya inspekta, amelowa, tope mpaka shingoni.

"Amefika," alimwambia mwenzake, si mimi.

"Na mtoto?" niliuliza kutoka chini.

"Mimi ni askari, si mkunga."

Inspekta alipokuja aliisoma pasi yangu, akanitazama, akamsikiliza yule mrefu, akalitupa koti ndani ya gari lake. Akasema niondoke kabla hajabadilisha mawazo. Nilipanda pikipiki nikiwa na shati tu. Niliitafuta gia ya kwanza nikaikosa, mimi mwenyewe niliyeigeuza.

Hospitalini nilimkuta muuguzi yule yule mlangoni. Mikono ya gauni lake ilikuwa imekunjwa. Nilisimama mbali, maji yakidondoka sakafuni, sikuweza kumsogelea.

"Ni msichana," alisema. "Ana sauti mbaya. Hebu sikiliza."

Nilisikiliza. Kisha niliketi sakafuni pale pale, na muuguzi akaniambia kwamba nimechafua, na kwamba fagio liko nyuma ya mlango.

Mke wangu alikuwa amelala ubavu alipoamka na kuniona. Hakuuliza waliniachiaje. "Kile kiti," alisema, "ni kizuri." Akafumba macho. "Gia zile, zirudishe."

Binti yetu sasa anatembea. Koti sikulipata tena, na mzee wa Majengo nimeshamweleza nilichokisema kwenye tope. Alinisikiliza, akanimiminia chai, na hatujalizungumza tena. Mvua ikinyesha navaa koti la mpira la njano linaloonekana kutoka mbali. Tyubu iko mahali pake, na matairi ni yale yale ya meno marefu. Gia na vishikio nimevirudisha kama vilivyotoka kiwandani, na mke wangu amejifunza kuiendesha.