Lehemu Yake Haikuwa na Kosa

Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, simu ilipolia na jirani yangu akaniambia kwamba fundi wetu wa redio hatunaye tena. Amefariki alfajiri, akasema, na maziko ni leo leo baada ya alasiri. Kinyozi akauliza amalizie au aache. Nikavua shuka lake nikainuka. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, ambalo kwa miaka ishirini na ushee nilijiambia kwamba nitamweleza yule bwana wiki ijayo. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sipendi safu za kulialia. Nikianza kummwagia mtu sifa kwa sababu tu amekufa, nichapeni. Leo sina sifa za kumwaga. Nina kosa la kusema, na ni langu.

Tuliokuwa Dodoma miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika madukani, tunamkumbuka vizuri. Alizaliwa milimani Kondoa, upande wa Kolo, akaja mjini akiwa kijana na kuajiriwa kwenye karakana ya shirika moja la umma. Shirika lilipoanza kupunguza watu, yeye alikuwa katika kundi la kwanza. Hakulia. Aliweka meza kwenye kibaraza cha duka karibu na soko, akaning'iniza redio mbili mbovu ziwe kibao chake, na mwaka haujaisha watu walikuwa wanamletea redio kutoka Gulwe kwa treni, zimefungwa kwenye kanga. Alikuwa na maringo ya mafundi wazuri. Akishachomea waya hapimi mara ya pili. "Nikishaweka lehemu yangu, imewekwa," alikuwa anasema, huku anafunga kifuniko na kukutazama wewe, wala si redio. Mimi nilikuwa mwandishi mchanga, mjuaji kupita kiasi, na kibaraza chake ndicho kilikuwa kijiwe changu.

Basi mradi mmoja wa maji ukafungwa, wageni wakarudi kwao, vitu vyao vikanadiwa. Fundi, mwenzangu wa kijiwe, akarudi kutoka mnadani na kreti moja, akidhani ndani mna vimota vya kufaa kazini. Kumbe mna ndege. Ndege ndogo, mabawa yote mawili yamevunjika, injini yake inaenea kiganjani, na rimoti mbili zenye antena ndefu, pamoja na makopo manne ya mafuta yanayonuka nyonyo. "Hii wanachezea watu wazima?" nikamuuliza. "Wewe unaandika magazetini," akasema, "unachezea nini?" Wiki ile redio za watu zikasubiri. Mabawa aliyachonga kwenye yale mapovu meupe makavu yanayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi, maana wenye maduka walikuwa wanayatupa nje kila siku. Bawa la kwanza alilipaka gundi ya viatu, na gundi ikalila bawa lote mbele ya macho yetu likabaki tundu. Alicheka mpaka akakaa chini. La pili akatumia gundi ya seremala, akalivalisha karatasi ya khaki, likakubali.

Kurusha tulijifunza kwa kuangusha. Kila Jumapili asubuhi, kabla upepo haujaamka, tulikuwa tunatoka na baiskeli mpaka kwenye uwanda mtupu upande wa barabara ya Kondoa, na kila Jumapili tunarudi na vipande. Shida ni kwamba ndege ikiwa inakwenda, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka kukujia, mambo yote yanapinduka, unaitaka kushoto inakwenda kulia, na ardhi haikusubiri ufikiri. Ni yeye aliyegundua dawa. "Bawa likianza kushuka," akaniambia, "sukuma kijiti cha rimoti upande ule ule linakoshukia, kama unaegemeza banda la kuku lisianguke. Usifikiri kulia wala kushoto." Tangu siku hiyo ndege ikakaa juu. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake na rimoti ya pili, imezimwa, nikiiga vidole vyake. Ilikuwa lazima iwe imezimwa, kwa sababu zote mbili zilikuwa za masafa mamoja. Zikiwaka pamoja ndege haijui imsikilize nani. Akaweka sheria: mwenye kibanio chekundu cha nguo kwenye kola ndiye peke yake anayeruhusiwa kuwasha. Hata tulipokuwa wawili tu kwenye uwanda mzima, hakuwasha kabla hajakibana.

Jumapili ninayoisema, kibanio kilikuwa kwake. Ndege iko juu, inazunguka vizuri, jua limemgusa mwenzangu usoni naye anaimba kwa pua. Mimi usiku uliopita nilikuwa nimechaji betri ya rimoti yangu, nikataka kujua imeshika au la. Nikabonyeza swichi. Mshale kwenye kidirisha ukapanda, nikafurahi, nikainua macho kutazama ndege, na nikasahau. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Nilisahau kama mtu anavyosahau mfuniko wa kalamu. Ndege ikashtuka, ikalala ubavu, ikanyooka na kuanza kuondoka. "Haisikii!" akapiga kelele. "Haisikii kabisa!" Akakimbia nayo, antena imeinuliwa juu, nami nikakimbia nyuma yake, nikitazama angani kama yeye. Ilichukua labda nusu dakika mpaka nikateremsha macho mkononi. Nikaizima rimoti yangu kwa kidole gumba, polepole, bila neno. Wakati huo ndege ilikuwa imeshapita vichaka kuelekea kwenye korongo la mchanga, na muungurumo wake ukakatika.

Hatujafika kwenye korongo, mama mmoja akatokea anatujia, bawa la ndege mkononi, ndoo ameiacha. Hata salamu hakutupa. "Ni nyie?" akauliza. "Mimi nimeinama nachota maji, hiki kinapita hapa!" Akaonyesha sikio. "Mnataka kuniua? Nimewakosea nini mimi?" Mwenzangu akaomba radhi, akaomba tena, akachuchumaa mbele ya yule mama kama mtoto. Mimi nilisimama pembeni nikasema pole. Tulibeba mabaki mpaka kibarazani, akayafungua mezani, na hakuchukua muda kuona waya mmoja umeng'oka kwenye lehemu. Ndege imegonga ardhi kwa kasi ile, msomaji, waya gani usingeng'oka? Lakini yeye aliutazama sana. "Hii ni lehemu yangu," akasema. "Nilichomea jana, sikupima. Ningemuua mama wa watu." Akaniangalia. Alikuwa ananiuliza, nadhani, kama nami naona hivyo. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mimi niliwasha yangu. Nikasema, "Ajali haina kinga, bwana," nikaenda kunywa chai.

Hakurusha tena. Hilo ningelivumilia, ni mchezo tu. Lakini akaanza kupima kila lehemu mara mbili, kisha mara nne, kisha akawa anafungua redio ambazo zimeshamalizika na kuzichomea upya. Waliokuja asubuhi wakaambiwa waje jioni, waliokuja jioni wakaambiwa kesho. Akawa anachomea huku ameshika pumzi, yeye aliyekuwa anachomea huku anapiga soga. Mwisho akaanza kuwarudisha watu: "Mpelekee mwingine, mimi siku hizi sijiamini." Meza ikaondoka kibarazani, akawa anauza viatu vya mitumba sokoni, na akiletewa redio na mtu asiyejua habari, anacheka na kumwelekeza kwa fundi mwingine. Mimi nilihamishiwa mji mwingine, nikarudi, nikaoa, nikapewa safu hii. Tulikuwa tunakutana kila mara. Kila mara tulikunywa kahawa, na kila mara nilikuwa na nafasi.

Kwa miaka mingi nilijipa jibu zuri. Nilijiambia kwamba hata bila ile Jumapili asingedumu; redio mpya za bei ya chee zilikuwa zinaingia kwa makontena, nani angepeleka mbovu kwa fundi? Kweli mafundi wengi walifungasha miaka ile. Mtu mzima aliyefundishwa kutengeneza aliambiwa aanze kuuza, na tulimwita mvivu akishindwa. Nililiandika jambo hilo hapa hapa, kwa uchungu mkubwa, nikamtumia yeye kama mfano bila kumtaja, na mlinipongeza sana. Naye alisoma. Alinikuta sokoni, gazeti amelikunja kwapani. "Umeandika vizuri, ndugu yangu," akasema, "ila mimi sikufukuzwa na redio za nje. Wenzangu wapo, wamehamia kwenye televisheni, wanakula. Mimi nilijifukuza mwenyewe. Unajua wewe, ulikuwepo." Ulikuwepo! Nikamshika bega, nikamuuliza habari za watoto. Mpaka leo nikisikia pikipiki inaunguruma mbali mchana kweupe, kidole gumba changu kinatafuta swichi, na nimechelewa.

Siku ya maziko nilifika kichwa kimenyolewa nusu, nimekificha kwa kofia. Kabla ya jeneza kuinuliwa, kaka yake mkubwa alisimama kwa niaba ya familia. Akasema marehemu alikuwa binadamu, ameishi na watu, huenda kuna watu aliowakosea kwa kujua au kwa kutojua. "Tunaomba mumsamehe." Uwanja mzima ukaitika, "Tumemsamehe." Nami niliitika. Nimelisikia ombi hili katika kila msiba niliohudhuria, na sikuwahi kutambua kwamba linauliza upande mmoja. Hakuna anayesimama na kutuuliza sisi wazima: nani kati yenu alimkosea huyu? Nilimsamehe mtu niliyemharibu mimi, kwa sauti, mbele za watu, halafu nikaingiza bega chini ya jeneza lake.

Sikuweza kulala na hilo. Baada ya hitima nikamwita binti yake mkubwa pembeni, mama wa watoto watatu sasa, ambaye amekua akiniita baba mdogo. Nikamweleza yote, swichi, mshale, lehemu, mpaka lile gazeti. Hakulia, hakunifokea. Alikunja kanga yake kwenye magoti, akaikunjua. "Mama alikuwa akimwomba atengeneze hata pasi ya nyumbani," akasema, "anakataa. Anasema ataunguza nyumba na sisi ndani." Kisha akauliza, "Baba alijua, baba mdogo?" Nikamwambia hapana. Akanitazama kwa heshima ile ile aliyolelewa nayo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Sasa mimi unaniambia ili iweje?"

Niliondoka na swali lake. Wasomaji wangu, mtu akijilaumu mbele yenu kwa kosa mnalolijua si lake, msimwambie pole. Mwambieni ukweli pale pale, kabla chai haijaja, hata kama utawavua nguo. Mkichelewa mtapata watu wengi wa kuwasikiliza, kama ninyi mlivyonisikiliza leo, lakini mwenyewe mliyemkosea hatakuwemo.